Mshika Tochi

Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana,
mimi si mwanafunzi wa darasa la kumi na moja.
Mimi ni mshika tochi.

Basi hunishusha penye barafu ya kijivu.
Winnipeg imejivuta blanketi hadi masikioni,
na Thorvald Sigurdson ananisubiri ndani ya gari la kazi,
amewasha hita, amezima maneno.
Siku ya kwanza aliniuliza jina.
Liwayway, nikamwambia. Kwa lugha ya bibi yangu ni alfajiri.
Akatazama saa yake.
"Alfajiri imefika saa saba mchana,"
akanitupia ovaroli ya mtu mwenye miguu ya twiga.
Niliikunja mara nne. Hadi leo naikunja mara nne.

Wenzangu walipangiwa kwingine:
Anneliese yuko kwa daktari wa meno, anasafisha vioo vidogo.
Bohdan yuko benki, ana tai.
Mama aliposikia "lifti" aliweka kijiko chini.
"Tulivuka bahari," akasema, "ili mwanangu aingie shimoni?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na buti za kuazima.

Hivi ndivyo nilivyofundishwa:
Zima umeme. Tia kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwako,
si mfukoni mwa mwingine, hata akiwa mimi.
Kisha jaribu kukiwasha ulichokizima,
maana mashine ni kama mtoto aliyefumba macho,
hujui kama amelala mpaka umwite.

Thorvald hafundishi, ananung'unika.
"Sikia."
Nikasikia kelele.
"Sikia tena."
Wiki ya tatu, katikati ya kelele zile zile,
nikasikia kapi likilalamika upande mmoja,
kama mtu mwenye jiwe kiatuni asiyetaka kusema.
Hakunisifu. Alinipa spana.

Nilihesabu nyuzi zilizokatika kwenye kebo,
kidole ndani ya tambara, pingili kwa pingili.
Darasani nikikosea hesabu napoteza alama mbili.
Hapa kuna watu ndani.

Februari, jengo la matofali nyuma ya reli.
Ghorofa ya saba, Bi Ostapchuk na kiti chake cha magurudumu,
siku ya tisa hajashuka.
Amepandishiwa dawa, amepandishiwa mkate na bili ya simu,
lakini mtaa haupandishiki kwa ngazi.
Kosa lilikuwa swichi ya mlango, ndogo kama kucha,
imeliwa na chumvi ya theluji waliyoileta watu kwa viatu vyao.
Niliibadilisha mimi.
Mikono yangu ilitetemeka. Yake ilikaa mfukoni,
na niliona ilivyomgharimu kuiacha humo.

Tukapanda naye hadi juu. Mlango ukafunguka, ukafikiri, ukabaki wazi.
Bi Ostapchuk alikuwa pale pale, kofia kichwani,
rangi nyekundu mdomoni, mkoba juu ya magoti,
kama aliyekuwa tayari tangu siku ya kwanza.
Hakututazama. Alitazama namba, kama wafanyavyo watu wote.
"Chini," akasema.

Usiku mama alininusa grisi kwenye nywele.
"Hiyo lifti yenu, ilipanda?"
"Ilishuka," nikamjibu,
naye akanipakulia wali mara ya pili bila kuniuliza.

Fomu ya shule ina mistari mitatu:
Taja ujuzi ulioupata kazini.
Nikaandika usalama. Nikaandika uvumilivu.
Nikaandika ushirikiano, neno ambalo Mwalimu Desrochers
hulipigia mstari kwa wino wa kijani.
Thorvald akaisoma akiwa ameegemea usukani,
akatia sahihi, akanirudishia kalamu.
"Hukuandika juu ya mlango," akasema.

Mistari ilikuwa imekwisha.
Nikageuza karatasi.